Ndiyo ya Mama Mdogo

Mama mdogo alipohukumiwa kwenda jela miaka ishirini, mimi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili shuleni kwetu, hapa Mpanda. Habari ilinifikia kwa simu. Aliyepiga ni mtoto wake wa kwanza, ambaye huniita dada.

"Dada, wamemfunga mama."

Nikamuuliza kesi ilianza lini, maana nilijua amekamatwa lakini sikujua kama amefikishwa mahakamani.

"Asubuhi hii," akasema. "Na imeisha asubuhi hii."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kesi nilizozisikia mimi ni zile za kuahirishwa mpaka watu wanasahau zilianzia wapi. Nikamwambia anieleze polepole. Akasema hakimu alimuuliza mama, mama akasema ndiyo. Wakamsomea karatasi nyingine, wakamuuliza tena, akasema ndiyo. Basi. Mashahidi hawakuitwa hata mmoja.

Ni hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko miaka ishirini yenyewe, kwa sababu ndiyo ya mama mdogo naijua tangu nikiwa mtoto.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Wazazi wao walitoka Burundi, na yeye alivuka mpaka akiwa mgongoni. Alikulia Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, na uraia waliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Shule hakwenda, maana alibaki nyumbani kulea wadogo zake. Kwetu tunaongea Kirundi. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha jikoni, kinachotosha kuuza ugali na kumtania dereva. Alikuwa na kibanda cha chakula kwenye senta moja kule upande wa Sibwesa, mahali ambapo malori ya tumbaku na mahindi husimama. Watu walimpenda kwa maharage yake.

Utotoni mwangu, kila alipokuja mtu mwenye kalamu na begi, mama mdogo alijibu ndiyo. Wakiuliza kama watoto wamechanjwa, ndiyo. Wakiuliza kama hawajachanjwa, ndiyo. Kwa Kirundi tungesema ego, na ego ya mtu mzima mbele ya mkubwa inaweza kuwa na maana ya nimesikia, endelea, nakuheshimu, tumalize uende. Mimi nafundisha Kiswahili, na nimewahi kueleza darasani maneno mengi, lakini sikuwahi kufikiria kwamba neno dogo kama hilo linaweza kumfunga mtu.

Kilichotokea kibandani kilikuwa hivi. Askari wa wanyamapori walifika mchana, wakafunua sufuria, wakakuta nyama. Mmoja akasema ni nyati. Wakamchukua yeye pamoja na sufuria. Shitaka likawa kupatikana na nyara za serikali bila kibali. Huku kwetu, karibu na hifadhi, hilo ni kosa linalowatisha watu kuliko wizi.

Kwa kuwa ni mwanamke na kifungo ni kirefu, walimhamishia gereza la mbali, mkoa mwingine. Nilifanikiwa kwenda kumwona wakati wa likizo. Tuliongea tukitenganishwa na wavu, askari magereza wa kike amesimama pembeni. Alikuwa amepungua, ila sauti ilikuwa ile ile. Kwanza aliuliza nani amebaki na sufuria zake. Halafu nikamuuliza lile lililonipeleka.

"Mama mdogo, kwa nini ulisema ndiyo?"

Akaniangalia kama vile nimeuliza kwa nini maji yanateremka.

"Waliniuliza nyama ni yangu. Si ilikuwa yangu? Niliinunua kwa mtu wa baiskeli. Ningesema ni ya nani?"

"Walikuuliza kama umetenda kosa."

"Sasa hilo mimi sikulisikia," akasema.

Niliporudi Mpanda sikuweza kuliacha. Sikuwa na hasira sana, kusema kweli. Nilitaka kujua. Nilitaka kujua mahakama inaandika nini pale mtu kama yeye anapofungua mdomo, na kama kuna mtu yeyote juu ya hakimu ambaye kazi yake ni kuyasoma yale maandishi tena.

Nilimkumbuka msichana niliyemfundisha miaka ya nyuma, ambaye sasa ni wakili na ana ofisi ndogo karibu na soko. Alikuwa miongoni mwa mawakili wanaotoa msaada wa kisheria kwa wafungwa. Nilipoingia alisimama kama tuko darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimweleza yote. Akasikiliza bila kuandika chochote, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Shida ya kwanza ni kwamba muda wa kukata rufaa umepita. Shida ya pili ni kubwa zaidi. Mtu aliyekiri kosa mwenyewe kwa kawaida haruhusiwi kukata rufaa kupinga hatia. Anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu tu."

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Haijaisha. Kuna mlango mdogo. Tukionyesha kwamba kule kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri, mlango unafunguka. Lakini tuupate kwanza mwenendo wa kesi."

Mwenendo ni yale maandishi ya kila kilichosemwa mahakamani. Yeye aliyafuatilia, na pia aliandika ombi la kuongezewa muda, ambalo lilichukua miezi yake. Mahakama Kuu ilikubali, kwa sababu mfungwa alikuwa amehamishwa gereza na hakuwa na nakala ya hukumu yake. Siku alipopata mwenendo alinipigia niende ofisini nikausome.

Nilitegemea jalada nene. Zilikuwa kurasa chache. Niliusoma ukurasa wenyewe mara nyingi, kama ninavyosoma sentensi ya mwanafunzi ambayo sijui niipe alama gani. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa, baada ya kusomewa shitaka, alijibu: "Ndiyo, nyama ni yangu." Chini yake akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Halafu mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, na mshtakiwa akajibu: "Ndiyo, niliinunua."

"Ona, Mwalimu," wakili akasema. "Kukiri lazima kuwe kwa kosa lote, bila kigugumizi. Yeye amekiri kuwa na nyama na kuinunua. Hajasema alijua ni nyati. Na katika maelezo yaliyosomwa, hakuna popote palipoelezwa ni mtaalamu gani aliyeithibitisha kuwa ni nyati."

"Basi tutamleta yule wa baiskeli aseme alimuuzia nini," nikasema.

Akatabasamu, lile tabasamu ambalo mimi mwenyewe huwapa wanafunzi.

"Hatuleti mtu. Rufaa haianzi kesi upya. Jaji hataonja ile nyama. Anasoma hizi karatasi na kuuliza kama waliotangulia walipita njia iliyo sahihi."

"Na kama kweli ilikuwa nyati?"

"Hilo halitaulizwa siku hiyo."

Nilitoka ofisini nikiwa na shaka mpya. Miaka yote niliamini mahakama ya juu ni mahali ukweli unapokwenda kusafishwa. Kumbe kuna watu wenye elimu kubwa wanaokaa na kujadili ukweli ulivyobebwa, bila kuufunua.

Jaji alikuja Mpanda kwa kikao cha rufaa wakati mvua zilikuwa zimeanza. Niliomba ruhusa shuleni. Kwenye benchi la nje nilikaa na mwanamke mmoja kutoka kijiji cha Mamba, mkulima wa mpunga, ambaye mume wake alifungwa kwa unyang'anyi. Alikuja amevaa kitenge kizuri, kama mtu anayekwenda harusini.

"Mimi leo nitawaeleza," akaniambia. "Usiku ule mume wangu alikuwa nyumbani, alikuwa na homa. Nilimkanda mimi mwenyewe kwa maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikawaza nimwambie alichoniambia wakili, kwamba hakuna atakayemuuliza leo pia. Sikuweza. Nikamuuliza habari za mpunga.

Rufaa ya mume wake ilisikilizwa mapema. Mume mwenyewe alisimama kizimbani na kuyasema kwa ufupi. Jaji akamuuliza kama hayo ya kuwa nyumbani aliyaeleza kwenye kesi ya kwanza. Akasema hakueleza, aliogopa. Jaji akauliza kama shahidi aliyemtambua alimfahamu kabla. Akasema ndiyo, ni jirani. Mwanamke wa Mamba aliinuka kutoka kwenye viti vya nyuma na kunyoosha mkono, na karani akamfuata taratibu akamnong'oneza akae. Akakaa. Mkono wake ulibaki juu ya paja, umefunguka.

Halafu ikaitwa yetu. Mama mdogo hakuletwa. Waliwasha runinga kubwa ukutani, na baada ya kukwama kidogo akatokea, amekaa kwenye kiti katika chumba chenye ukuta mweupe, kule gerezani. Zaidi ya mwaka sikuwa nimeuona uso wake, na sasa ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Kamera ya chumba chetu ilimwelekea jaji. Mimi nilimwona mama mdogo, yeye hakuniona. Alitazama sehemu moja chini kidogo ya macho yetu sote.

Wakili wangu alizungumza kwa muda mfupi. Kisha akasimama wakili wa serikali, mwanaume mrefu mwenye miwani, na mimi nikajiandaa kumchukia.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "upande wa Jamhuri hatupingi rufaa hii. Majibu ya mrufani hayakuwa ya kukiri kosa kwa ukamilifu."

Nilimgeukia mtu wa jirani nione kama nimesikia vizuri. Sikuwa najua kwamba serikali inaweza kusimama mahakamani na kusema upande wa pili una haki. Nilikuwa bado naifikiria hiyo alipoendelea.

"Hata hivyo, tunaomba jalada lirudi mahakama ya chini, kesi ianze kusikilizwa upya."

Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliweka kalamu chini.

"Nyama iko wapi?" akauliza.

"Iliteketezwa, Mheshimiwa, kwa kuwa ni kitu kinachoharibika."

"Mrufani alikuwepo ilipoteketezwa?"

Wakili wa serikali akapekua karatasi. "Kumbukumbu hazionyeshi, Mheshimiwa."

"Basi kesi ikianza upya mtathibitisha kwa kitu gani?"

Jaji hakuonekana kumkomoa. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hasa. Kisha akaigeukia runinga.

"Mama, umesikia waliyosema mawakili?"

"Ndiyo," akasema mama mdogo kutoka ukutani.

"Una jambo la kuongeza?"

"Ndiyo."

Jaji akasubiri. Sote tukasubiri. Mama mdogo alitulia, mikono mapajani, akiangalia mahali pale pale.

"Ongeza, mama. Tunakusikiliza."

"Ndiyo, asante."

Kuna mtu alicheka kidogo nyuma. Jaji hakucheka. Alimtazama mama mdogo kwa muda, kisha akasogea karibu na kipaza sauti na kusema polepole, neno moja moja.

"Mama. Nikikuuliza kitu na hujaelewa, unaruhusiwa kusema sijaelewa. Sawa?"

Mama mdogo akafikiri. Niliona anafikiri, nikaona midomo inajipanga.

"Sijaelewa," akasema.

Jaji akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu. Akamweleza upya kwa maneno mepesi, kwamba hukumu itasomwa siku nyingine na kwamba yeye atabaki kule mpaka siku hiyo. Runinga ikazimwa, ukabaki ukuta.

Nje nilimdaka wakili. "Umeona? Jaji ameona kwa macho yake mwenyewe jinsi anavyojibu."

"Ameona," akasema. "Lakini hawezi kulitumia. Anaamua kwa kilichoandikwa siku ile kwenye mahakama ya chini. Cha leo si ushahidi."

"Yaani ataamua kama vile hakuona?"

"Anatakiwa hivyo."

"Na inawezekana mtu kuamua kama hakuona?"

Alicheka, akashika begi lake. "Mwalimu, hilo nilikuuliza mimi mwaka ule uliponikuta nimechungulia mtihani."

Hukumu zilisomwa siku moja kwa rufaa zote za kikao kile. Ya mume wa mwanamke wa Mamba ilitangulia. Jaji alieleza kwamba shahidi alimfahamu vizuri, taa ilikuwepo, na utetezi wa kuwa nyumbani haukutolewa ulipopaswa kutolewa. Rufaa ikatupwa. Mwanamke alikuwa kiti cha mbele yangu. Hakulia. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini kuhusu homa?" Nikamwambia hakusema kitu kuhusu homa. Akauliza, "Yaani haijaandikwa popote?" Nikasema sidhani. Akakunja kitenge chake magotini kwa uangalifu, akatoka.

Ya mama mdogo ilikuwa fupi. Kusema nyama ni yako na kwamba uliinunua si sawa na kusema umetenda kosa. Kuirudisha kesi ingekuwa kuwapa walioshtaki nafasi ya kuziba mapengo yao. Hatia ikafutwa, adhabu ikaondolewa, na mrufani aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Yale maneno ya mwisho yalinishtua, nikadhani wamegundua kingine. Wakili akaniambia huwa yanaandikwa hivyo kwa kila mtu. Kuhusu yale ya kwenye runinga, kuhusu "sijaelewa", hakukuwa na hata neno.

Alirudi kwa basi. Watoto wake walikuja kumpokea stendi, na wakati wao wanalia yeye alikuwa anauliza kama mihogo imeng'olewa. Alikaa kwangu kidogo kabla ya kwenda nyumbani. Siku hizo sikumuuliza kitu. Niliona si vizuri mtu atoke kwa wanaouliza aingie kwa mwingine anayeuliza.

Nilimuuliza msimu uliofuata, nilipomtembelea. Kibanda amekifungua tena, ila sasa anapika maharage, dagaa wa Tanganyika na mboga tu. Wateja walikuwa wameondoka, tulikuwa tunachambua mchele wawili kwenye ungo mmoja. Nikasema kwa Kirundi, ili asije akanijibu ile ndiyo yake.

"Mama mdogo, ulijua ni nyati?"

Hakushtuka. Akaendelea kutoa mawe.

"Nilipoinunua sikujua. Yule alisema ng'ombe ameanguka korongoni. Nilipoionja chumvi, nikahisi." Akatupa jiwe nje. "Ilikuwa imeshaiva. Madereva walikuwa wameshakaa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihisi. Wewe ukionja, unajua au unahisi?"

Niliwaza kama jaji angesikia hayo angeandika nini. Niliwaza kama ningekuwa mimi, na sufuria inachemka na watu wamekaa, ningeimwaga. Kisha nikamuuliza kama angewaambia hivyo mahakamani endapo wangemuuliza kwa lugha yake.

"Ningewaambia," akasema. "Kwa nini nisiwaambie? Hawakuuliza."

Sijui hiyo ingemfunga au ingemwachia. Nilimuuliza wakili, naye akasema ni swali zuri na halina jibu la haraka, akaanza kunieleza kuhusu kujua na kushuku, na mteja wake akaingia tukaachia hapo.

Tangu hapo, jaji akija Mpanda na mimi nina nafasi, nakwenda kukaa viti vya nyuma. Nimesikia rufaa za mashamba ya Kibaoni, za ng'ombe, za vijana waliopigana kwenye vilabu. Nasikiliza namna watu wanavyojibu, na nani anaandika. Mwanamke wa Mamba sijamwona tena, ingawa wakili aliniambia mume wake amepeleka rufaa ya pili, mbele ya majaji watatu, na kwamba huko wataangalia zaidi mambo ya kisheria. Nilitaka kuuliza kama kuna mahali ambapo ile homa inaweza kuandikwa sasa, lakini alikuwa anakimbilia shauri lingine.

Karani wa mahakama amenizoea. Juzi alinisogelea na kuniuliza kwa adabu, "Mama, wewe una shauri namba ngapi?"

Nikamwambia sina shauri, nimekuja kusikiliza.

Akanisogezea kiti kilicho karibu na dirisha, maana ndani kulikuwa na joto.